Kitufe cha Utani

Siku Wahehe wa Lihangwe walipokataa chanjo ya surua, mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo ya ukumbi nisianguke. Nakwambia mapema, usije ukasikia kwa watu. Mimi, Osmunda Gama, karani wa Sikio, niliyeapishwa kukaa kimya na kuandika, nilicheka mpaka machozi. Na wakati nacheka, mjukuu wangu wa wiki saba alikuwa amelala wodini pale kituo cha afya, kilo mbili kasoro, na surua ilikuwa imeshafika Kihulila, kituo kimoja tu cha treni kutoka kwetu.

Ngoja nikueleze Sikio kwanza, maana bila hilo hutaelewa tulivyokosea.

Sikio ni chombo cha ukubwa wa sufuria ya kupikia msibani, kinaning'inia katikati ya dari ya ukumbi. Tangu karatasi za kura zilipofutwa nchini, enzi za mama yangu, kila mji una lake. Watu wanakuja, wanabishana, lenyewe linasikiliza. Linamjua kila mtu mzima kwa sauti yake. Halijali nani kapiga kelele zaidi. Linashika neno la mwisho la kila mmoja, ndiyo au hapana, mkutano ukifungwa halipokei jingine, na saa sita mchana ya kesho yake hesabu inakuwa sheria. Sheria ikiwa ya kumlazimisha mtu, kila hapana moja inahitaji ndiyo mbili za kuishinda. Ikishapita, hakuna cha polisi wala barua. Milango yenyewe inatii.

Shida ni kwamba Sikio lilitengenezwa na watu wasio na watani. Lihangwe ni mji wa Wangoni, lakini Wahehe wapo wengi, walikuja na reli, na Mngoni na Mhehe ni watani tangu babu zao walipochoka kuchinjana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo. Anaweza kuingia ndani ya kaburi la baba yako, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, na wewe huruhusiwi kununa. Sasa mwaka wa kwanza wa Sikio, Mngoni mmoja alisimama akasema Wahehe wapigwe marufuku kukaribia mbwa, maana mbwa wa mji wanaisha. Wahehe wakajibu kwamba Wangoni nao wafungiwe ndani, maana ng'ombe pia wanaisha. Kesho yake saa sita, mbwa wote waliokuwa na pete za shingoni za mji wakaanza kulia king'ora kila Mhehe akipita, na milango ya Wangoni ikagoma kufunguka. Siku tatu nzima. Baba yangu alipitishiwa ugali dirishani.

Ndiyo tukaomba kitufe. Kipo kwenye meza ya karani, cheusi, kidogo kama kifungo cha shati. Karani akijua kwamba neno fulani lilikuwa utani, anakibonyeza, anataja jina lake kwa kiapo, na neno lile linafutika kana kwamba halikusemwa. Sikio linarudi kwenye neno la mtu huyo la kabla ya hapo, kama lipo. Likishafutwa halirudi. Kazi hiyo ninayo mwaka wa kumi na nane.

Basi Alhamisi asubuhi ukumbi ulijaa. Dokta Nakijwa Mrutu alisimama mbele na boksi lake la viraka. Huyu ni Mpare, binti mdogo, mpole, miezi minane tu tangu aje kwetu. Akatuonyesha kiraka: kama jani la mchicha, unabandika juu ya mkono, ndani ya siku mbili kimeyeyuka chote na kinga imekamilika. Kinachobaki ni nukta chini ya ngozi, ambayo wewe huioni lakini malango ya mji yanaisoma. Pendekezo lake lilikuwa wazi. Kwa wiki sita, asiye na nukta haingii sokoni, shuleni, stesheni wala kituo cha afya.

"Watoto chini ya miezi sita hatuwezi kuwabandika," akasema. "Hao kinga yao ni sisi. Wakizungukwa na watu tisini na tano katika kila mia wenye kinga, surua haina pa kupita."

Hakumtaja mjukuu wangu, ila alinitazama. Siku mbili kabla alikuwa ameniambia kwa upole kwamba surua ikimpata yule mtoto, mapafu yake hayatahimili. Tangu aniambie sikuwa nimelala vizuri.

Akasimama Rustika Haule, muuza mboga, mwanamke asiyejua kusema pole pole. "Wanangu watano wote wana chanjo zao," akasema, "na hicho kiraka nakitaka hata sasa hivi. Mlango ndio siutaki. Mlango hauna akili. Leo mmeuambia uulize surua, kesho mtauambia uulize nini?" Watu kama mia hivi wakaitikia, hapana, hapana. Mimi nikasonya kimoyomoyo. Nilimwona mbishi tu, na nilikuwa na mtoto wodini.

Hata hivyo ndiyo zilikuwa nyingi, kama mara mbili ya hizo. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka aliposimama Kihwele.

Gervasi Kihwele ni mwenye mashine ya kusaga, ana miaka sitini na nane, na hakuna msiba wa Mngoni ambao hajauharibu. Aliingia akiwa amechelewa, unga kichwani. Akasema: "Mimi Kihwele, Mhehe wa baba na mama. Wangoni mlishindwa kutuchoma kwa mikuki, leo mnatuletea viraka. Mimi hapana. Na malango yenu hayo, hapana." Akaketi.

Ukumbi ulipasuka. Sasa kwa desturi yetu, mtani akirusha, wa kwao lazima wamshike mkono. Wahehe thelathini na kitu wakasimama mmoja mmoja, wanatabasamu mpaka masikioni, hapana, na mimi hapana, nichomwe na Mngoni kwani nimekosa nini. Wangoni nao hawakukubali kushindwa. Mama mmoja akapaza sauti: "Basi na sisi hapana. Mhehe akiugua peke yake atasema tumemroga." Hapo kila Mngoni aliyekuwa ameshasema ndiyo akageuza, na mimi hapana, na mimi hapana, watu wanapigana viganja, wengine wamekaa chini. Sikio juu linakusanya yote kwa uaminifu. Na Dokta Nakijwa amesimama na boksi lake kifuani, anaona mji mzima umepata wazimu. Hapo ndipo niliposhika nguzo.

*

Alasiri Dokta alinifuata mezani. Hakuwa amekula.

"Mama, shikamoo. Wamekataa," akasema.

"Marahaba. Hawajakataa, wametania. Vuta kiti."

Nikaanza kazi. Sikio lilikuwa linanirudishia kila neno kwa sauti ya mwenyewe, nami nabonyeza. Huyu utani. Huyu utani. Huyu utani na ni mwongo pia, alichanjwa kabla ya mkutano kuanza. Kila nikibonyeza, hapana moja inafutika na ile ndiyo ya mwanzo ya mtu huyo inarudi kwenye kioo cha mezani. Dokta akaanza kutabasamu. Mwishowe akawa anacheka na yeye, ingawa nusu ya maneno ilibidi nimtafsirie.

Baada ya saa nzima tukafika chini kabisa. Ndiyo mia mbili na nne. Hapana mia na tatu, na katika hizo mia na mbili zilikuwa za Rustika na wenzake, watu waliosema walichokusudia. Iliyobaki ilikuwa ya Kihwele. Dokta alipiga hesabu haraka kuliko mimi. Hapana mia na tatu zilihitaji ndiyo mia mbili na sita, na hatukuwa nazo. Hapana mia na mbili zilihitaji mia mbili na nne, na hizo tulikuwa nazo, bila hata moja ya ziada.

"Moja tu, Mama," akasema.

Nikaweka kidole. Sikio likarudia: mimi hapana, na malango yenu hayo, hapana.

Sasa mimi nimemsikiliza yule mzee akitania miaka arobaini. Mtani akishatupa neno lake anasubiri. Anasimama pale, kidevu juu, anakusanya vicheko vyake kama mtu anayechuma karanga, maana hiyo ndiyo raha yenyewe. Kihwele alikuwa ameketi kabla ya kicheko kuanza. Na ule mwisho, kuhusu malango, nilipousikiliza mara ya tatu sikuona mahali pa kucheka.

Nikaondoa kidole.

"Kuna nini?" Dokta akauliza.

"Sijui kama huyu alitania."

Simu yake ikaita. Akasikiliza, uso ukabadilika. Mtoto wa miaka minne ameshuka kwenye treni ya mchana kutoka Kihulila, ana homa, macho mekundu, na vipele vimeanza nyuma ya masikio. Walikuwa wamemweka kwenye hema la nje.

"Mama Osmunda," akasema akiwa ameshasimama, "ukumbi mzima ulicheka. Hata wewe ulicheka, nilikuona."

"Nilicheka."

"Basi?"

Tukaenda naye mpaka kituoni, nikanawa mpaka viwiko, nikaingia wodini. Binti yangu Gaudensia alikuwa amembeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama wanavyobebwa watoto njiti. Mimi humwita mume wangu, bibi yeyote atanielewa. Nikamwekea kidole kwenye kiganja, akakishika. Vidole vyake vyote vitano havikutosha kukizunguka.

"Mume wangu, mke mwenzangu anakulisha vizuri?" nikamuuliza. Akapiga chafya.

"Mama, nasikia limebaki neno moja," Gaudensia akasema. Habari za mji huu hufika wodini kabla ya chakula. "Na nasikia ni la mzee Kihwele. Si mtani wako? Bonyeza basi."

"Nina mpaka kesho saa sita."

"Kwa nini usubiri?"

Nikamwambia alale. Ningeweza kubonyeza usiku uleule na hakuna ambaye angeniuliza. Kila mtu alisikia, kila mtu alicheka, na mimi ndiye mwenye kiapo. Naogopa kukwambia jinsi lilivyokuwa jambo jepesi.

*

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye mashine yake, nyuma ya stesheni. Nilimkuta mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi, anamimina mahindi, wanawake watatu wamepanga ndoo.

"Mngoni ameamkia kwangu," akasema bila kugeuka. "Kwenu kumeisha vya kuiba?"

"Nimekuja kuangalia kama vipele vimeshakutoka."

"Vipele havimtoki Mhehe. Vinaona aibu."

"Mtani, nina neno."

"Unayo mengi, na yote mabaya."

"Neno la kweli."

"Wewe na kweli mmekutana lini?"

Unaona shida. Kati ya watani hakuna mlango wa kuingizia jambo zito. Ukiwa nalo unamtuma mtu wa tatu, na mimi sikuwa na muda wa kumtafuta mtu wa tatu. Miaka arobaini nimemwita huyu mtu mwizi, mchawi, kipara, mjane wa kiume asiyejua kupika. Jina lake sikuwahi kulitamka mbele yake hata siku moja.

"Gervasi," nikasema.

Akaliweka debe chini. Akavuta mkono wa mashine, mngurumo ukafa, na wale wanawake wakatazamana, wakatoka nje wenyewe.

"Jana ulitania au ulikataa?"

Akajipangusa uso kwa kiganja, akazidi kuupaka unga. "Kwani wewe umeandikaje?"

"Sijaandika. Ndiyo maana nimekuja."

Akakaa juu ya gunia. "Yusta alifia wapi?"

Yusta alikuwa mke wake. Alifariki miaka tisa iliyopita, wakati wa ile homa ya mafua. "Hospitali," nikasema. "Nilikuwepo msibani. Niliigiza mwendo wake mbele ya jeneza mpaka ukacheka."

"Uliigiza vizuri," akasema. "Hakufia hospitali. Alifia langoni."

Akanisimulia kwa sauti ya chini. Mwaka ule pia tulipitisha sheria ya nukta. Yusta alikuwa wa kwanza mtaani kwao kubandikwa. Lakini alipokuwa mtoto aliungua mkono na uji, mkono wote wa kushoto, uleule waliombandika, ulikuwa kovu, na jicho la lango halikuweza kuiona nukta ndani ya kovu. Pumu ikambana alfajiri. Kihwele akamleta kituo cha afya kwa baiskeli. Lango likasema tafadhali ukachanjwe kwanza.

"Kwa sauti nzuri," akasema. "Ya kike, ya adabu. Nikaliambia amechanjwa. Likasema tafadhali. Nikalipiga mateke, likasema tafadhali. Mlinzi alikimbia kutafuta ufunguo, akakosa, akakimbilia kwa mwenzake. Aliporudi, Yusta alikuwa ameshaacha kukohoa."

Nikavuta gunia jingine, nikakaa. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Palepale msibani, mliponianza, nikawaambia Wangoni mna mlango unaoua watu kwa adabu. Mlicheka sana. Wewe ndiye uliyeanza."

Nilikumbuka. Nilicheka kweli, nikamrushia punje za mahindi.

"Mimi kusema bila utani siwezi, Osmunda," akasema, na lilikuwa jambo geni kusikia jina langu mdomoni mwake. "Nimejaribu. Nikisimama na uso mkavu watu wananiuliza kama naumwa. Nina njia moja tu ya kusema jambo, na hiyo ndiyo mliyo na kitufe chake."

Nje mwanamke mmoja akaita, mzee, tunasubiri, mwingine akamnyamazisha.

"Nina mtoto wodini," nikasema.

"Mumeo. Namjua, mama yake nilimsagia unga wa lishe."

"Neno lako likibaki, sheria inaanguka. Surua imeshashuka stesheni."

"Hesabu naijua." Akainamisha kichwa. "Kwa ajili ya yule mtoto naweza kukwambia nilitania. Nitasema, na utaapa bila dhambi. Ila uniombe wewe, hapa hapa, ukinitazama."

Haki ya Mungu, nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari. Nikamtazama, na nikamwona Yusta na ule mwendo wake wa kuchechemea niliokuwa nauigiza, amesimama mbele ya lango anaambiwa tafadhali. Nikaufunga mdomo. Nilijichukia kwa kuufungua na nilijichukia kwa kuufunga.

"Na kiraka chenyewe?" nikauliza, maana ilibidi niulize kitu.

"Kiraka kina kosa gani? Nibandike hata usoni. Nukta ndiyo siitaki, na jicho la kuisoma."

Hapo nikasimama. Nilikuwa sijawahi kukimbia tangu nimzae Gaudensia, lakini asubuhi ile nilikimbia.

*

Dokta Nakijwa alikuwa kwenye hema la yule mtoto wa Kihulila. Nilimwita kwa mbali, nikamuuliza kama kiraka kinaweza kuwa bila nukta.

"Kinaweza," akasema. "Nukta ni utando wa juu tu, unabanduka kama ganda la haragwe lililochemshwa. Kinga iko chini yake. Lakini agizo linasema nisibandue, ili malango yasome."

"Na kama hakuna sheria ya malango?"

Akafikiri. "Basi hakuna cha kusoma. Nitaandika majina kwenye daftari." Halafu akanishika mkono. "Mama, bila sheria wakija nusu tu, haitoshi. Kwa mjukuu wako haitoshi. Unaelewa?"

Nilielewa. Nikamweleza habari ya Yusta kwa maneno machache. Alikuwa bado shuleni mwaka ule, hakuna aliyewahi kumwambia. Akatazama lango la kituo chake kwa muda, kisha akarudi kwa mgonjwa.

Saa sita kasorobo ukumbi ulijaa tena. Gaudensia alinipigia simu mara moja. "Umeshabonyeza?" Nikasema bado. "Utabonyeza?" Nikakata. Hilo hajanisamehe vizuri hadi leo, na ana haki.

Sikio likasema, kama linavyosema siku zote: "Karani, kuna neno jingine la utani?"

Kihwele alikuwa ameketi mbele, anatazama kofia yake. Kidole changu kilikuwa mezani, kitufe kiko hapo. Niliogopa. Sikuwa na uhakika wowote kwamba watu watakuja. Nilichojua ni kwamba lile neno halikuwa utani, na mimi ndiye pekee niliyejua.

"Hakuna," nikasema.

"Hapana zimezidi. Sheria haikupita."

Hata Rustika hakushangilia. Watu walikaa tu, wanatazamana kama watoto waliovunja chungu. Ndipo Dokta Nakijwa aliposimama akasema viraka vipo, havina nukta, hakuna lango litakaloulizwa, atakayetaka aje.

Hakuna aliyeinuka. Nikaanza kujuta.

Kihwele akainuka, akavaa kofia yake taratibu. "Wangoni," akasema, "jana mlikuwa mnasingizia lango. Leo lango limeondoka, tuone mtasingizia nini. Mimi napita nyumba kwa nyumba Jumapili jioni. Mngoni asiye na kiraka, kuku wake ni wangu. Asiye na kuku, nachukua sufuria." Na safari hii alisimama akisubiri, kidevu juu.

"Na Mhehe asiye nacho," mama mmoja akajibu kutoka nyuma, "tunabeba kitanda na yeye akiwa juu yake."

Ukumbi ukaamka. Sikio likaniuliza kama hilo la kuku na vitanda ni pendekezo la sheria, nikabonyeza kitufe kwa furaha kubwa. Tulipotoka nje, Rustika alikuwa ameshafika kituoni na wanawe watano. "Nilisema nakitaka," akamwambia Dokta, akatoa mkono.

*

Nikutoe wasiwasi kuhusu mume wangu. Watoto watatu waliugua surua Lihangwe, wote walishuka na treni, na wote walipona. Ndani ya wodi haikuingia. Leo hii ana meno manne na ananing'ata nayo yote.

Siku zile tatu zilikuwa kama sikukuu. Wahehe walikuja kwa kikundi, wanaimba, wakidai viraka vyao vibanduliwe nukta na Mpare, siyo Mngoni. Wangoni waliwasindikiza wazee wao kwa mikokoteni, wakipita kwa makusudi mbele ya nyumba za Wahehe na kuku wao mikononi, kuwaonyesha wasichokipata. Nilikaa mlangoni na daftari na penseli, naandika majina. Jumapili mchana Dokta alipiga hesabu mara mbili, akaniambia tisini na sita katika kila mia, halafu akaenda nyuma ya jengo kulia peke yake.

Jina moja nililokuwa nalitafuta halikuwepo. Tangu Ijumaa Kihwele alikuwa analeta watu, anawatania njia nzima, akifika kwenye kona ya ukuta wa kituo anageuka.

Alikuja siku hiyohiyo saa tisa alasiri, peke yake, kavaa koti la kanisani. Lango lilikuwa wazi. Dokta alikuwa ameliziba jicho lake kwa plasta na kulizuia kwa benchi lisijifunge. Kihwele alifika kwenye saruji ya langoni, akasimama, miguu pamoja. Hakusogea.

Kila mtu kwenye foleni alikuwa anajua habari ya Yusta. Mimi nilimwambia Rustika tu, lakini Rustika anauza mboga. Sasa Rustika mwenyewe akatoka kwenye mstari, macho yamemlenga machozi, anataka kwenda kumshika mkono. Nikamzuia. Ukimpa mtani huruma mbele za watu unamwacha uchi, na angegeuka akaenda zake. Nikaweka penseli chini, nikatoka nje.

"Jamani," nikasema kwa sauti ya ukumbini, "babu zao walitupiga vita miaka na miaka. Leo kijukuu kinaogopa benchi."

Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu na midomo ilikuwa inacheza.

"Siogopi benchi," akasema. "Naogopa harufu ya Mngoni."

"Bana pumzi basi. Ni hatua nne."

"Nne za miguu ya nani?"

"Kama miguu imekufa, sema." Nikamgeuzia mgongo, nikafungua kanga yangu, nikachuchumaa palepale mavumbini mbele ya watu, na umri wangu huu. "Panda nikubebe, mtoto wa Kihehe. Nina mume wa wiki saba humo ndani, wewe hunishindi."

Foleni yote ikacheka. Mimi sikuwa namwona, nilikuwa naona vumbi na miguu ya watu, na magoti yangu yanalalamika. Nilimsikia naye akianza kucheka. Kile kicheko kikakatika katikati, kikawa kitu kingine kwa muda, watu wakatazama pembeni, kisha kikarudi. Halafu nikasikia viatu. Alipofika usawa wangu aliweka mkono juu ya kichwa changu ajishikize, mkono mzito, na akapita.

"Inuka basi, Mngoni," akasema kutoka upande wa ndani. "Unazuia mlango."